HB haipandi na mchicha unakula kila siku? Anza na kikombe cha chai

Dada uliyeuliza toka Mbagala, nimesoma maelezo yako: HB (kipimo cha wingi wa damu) 9.8, huna mimba, miezi miwili mfululizo unakula mchicha na kunywa juisi ya bitiruti, na kipimo cha pili kimerudi vilevile. Kwa mwanamke asiye mjamzito inatakiwa 12 kwenda juu (mjamzito 11, mwanaume 13), kwa hiyo hiyo yako si ya kupuuza. Ila kabla hujaongeza fungu la pili la mchicha, tuangalie huo mchicha unakula na nini.

Mlo wako wa mchana umeuandika mwenyewe: ugali wa sembe, mchicha, halafu chai ya rangi. Hiyo chai ndiyo naishuku kwanza. Majani ya chai yana tanini, nayo hung'ang'ania madini ya chuma tumboni hadi yanatoka na choo bila kufika kwenye damu. Kahawa ni hivyo hivyo, na kutia maziwa hakuondoi tatizo. Kinachoumia zaidi ni chuma cha mboga, maharage na nafaka. Cha nyama na samaki hupenya kwa urahisi. Sikwambii uache chai, maana asubuhi bila chai na chapati kwa wengi wetu haianzi. Isogeze tu mbali na mlo wenye mboga au maharage: lipite lisaa limoja, yakiwa mawili ni bora zaidi. Kwenye chakula chenyewe kunywa maji.

Cha pili ni ndimu. Vitamini C hukifanya chuma cha mboga kifyonzwe vizuri, lakini lazima iwe kwenye mlo uleule. Chungwa la jioni haliusaidii mchicha wa mchana. Tena moto unaiharibu, kwa hiyo kamulia kwenye sahani, usikamulie kwenye sufuria iliyo jikoni. Nusu ndimu kwa mtu mmoja inatosha. Kama huna ndimu, weka kachumbari yenye nyanya na hoho mbichi, au kula pera papo hapo. Pera kwa uzito uleule lina vitamini C takriban mara nne ya chungwa, na watu wanalipita sokoni kana kwamba ni la watoto tu.

Bitiruti inaniuma kwa sababu inakula hela za watu. Gramu 100 zake zina chuma kisichofika miligramu 1, wakati mwanamke anayepata hedhi anahitaji kama miligramu 18 kwa siku. Wekundu wake ni rangi ya mmea, hauhusiani na damu. Rozela nayo watu huiamini kwa sababu ya rangi. Kunywa ukipenda, ila punguza sukari na usiihesabu kama dawa.

Hela hiyo ipeleke buchani. Maini ni mazuri, lakini ulizia bandama: ina chuma kingi kuliko steki kwa mbali. Nyama hata kidogo, ikiwa sahani moja na mboga, husaidia chuma cha hiyo mboga nacho kiingie. Ndiyo maana robo kilo iliyokatwa vipande vidogo na kupikwa pamoja na mboga mara mbili au tatu kwa wiki inafaa kuliko kilo nzima ya Jumapili. Ipike na kitunguu na tangawizi mpaka isitoe damu ndani. Mjamzito asile maini mara kwa mara, yana vitamini A nyingi mno kwa mtoto aliye tumboni. Siku usizo na nyama kuna dagaa. Waoshe kwa maji ya vuguvugu mara tatu, mchanga uishe.

Maharage loweka usiku kucha, mwaga hayo maji, chemsha kwa mapya. Nafaka na kunde zina kitu kinaitwa faiteti ambacho nacho hushika chuma, na kuloweka hukipunguza. Uji wa chachu unafaidika kwa njia hiyohiyo. Magadi ya kuharakisha kuiva yaache, yanaua vitamini. Mchicha osha kabla ya kukata, upike dakika tano kwa maji machache, na usimwage mchuzi wake. Kisamvu ndicho cha tofauti: kitwange na ukichemshe bila mfuniko mpaka kiive kabisa, kwa sababu majani ya muhogo mabichi yana sumu.

Hata hivyo, chakula hakiwezi kujaza ndoo inayovuja. Kwa HB ya 9.8 rudi kituo cha afya waangalie damu inakwenda wapi. Omba kipimo cha choo, maana minyoo ya safura hunyonya damu kimyakimya. Omba na kipimo cha malaria. Kama una maumivu ya tumbo au choo cheusi kabla hujaanza dawa za chuma, sema. Kama hedhi inapita siku 7, au pedi inajaa kila lisaa au mawili, usione aibu kusema, hiyo peke yake inatosha kukumaliza damu. Sema pia kama kwenu kuna siko seli. Na ukijikuta unatamani udongo, mchele mbichi au barafu, mara nyingi ni dalili ya upungufu wa chuma, na udongo wenyewe unaweza kuzidi kukizuia.

Ukipewa vidonge vya kuongeza damu, meza kwa maji au juisi ya chungwa, mbali na chai na maziwa. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Tumbo likichafuka, meza baada ya kula kidogo badala ya kuacha. Vifungie juu kabisa, kwa mtoto mdogo vichache tu ni sumu inayoua. Pima tena baada ya wiki 4: dawa ikifanya kazi HB hupanda angalau 1. Ikigoma, mrudie daktari atafute sababu nyingine. Ikipanda hadi 12, bado endelea na vidonge kwa miezi kama mitatu, kwa sababu akiba ya mwilini hujaa mwisho.