Maswali ya Wasomaji: Eyam na Daftari za Parokia

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba kijiji cha Eyam nchini Uingereza kilijifungia wakati wa tauni, na kwamba majina ya waliokufa yanajulikana hadi leo. Iliwezekanaje majina ya wakulima na wachimba madini ya risasi yahifadhiwe kwa zaidi ya miaka 350? Na je, ni kweli kwamba walijifungia kwa hiari yao?

JIBU: Ndugu msomaji, parokia ya Uingereza ya zamani ilikuwa kanisa na pia serikali ya kijiji. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila kasisi aandike katika daftari ubatizo, ndoa na maziko ya parokia yake, na daftari hilo litunzwe ndani ya kasha lenye kufuli. Kisha sheria ya mwaka 1601 ikaitaka kila parokia iwatunze maskini wake kwa kodi iliyotozwa wanakijiji wenyewe, na kwa kuwa fedha zilikuwa zao, matumizi yaliandikwa kwa makini: mjane aliyenunuliwa viatu, yatima aliyepelekwa kujifunza kazi, mgeni aliyerudishwa kwenye parokia yake. Ndiyo maana mtu asiyejua kuandika jina lake, ambaye hakuacha wosia wala shamba, anaweza kupatikana katika karatasi hizo. Binafsi nawathamini waandishi hao wa kijiji kuliko wengi walioandika habari za wafalme.

Eyam, iliyoko katika kaunti ya Derbyshire, inaonyesha thamani ya kumbukumbu za aina hiyo. Inasimuliwa kwamba tauni iliingia ndani ya vitambaa vilivyotumwa kutoka London kwa mshonaji wa kijiji, na wa kwanza kuzikwa, tarehe 7 Septemba 1665, alikuwa George Viccars, aliyefanya kazi kwa mshonaji huyo. Agosti ya mwaka uliofuata, Elizabeth Hancock aliwazika mumewe na watoto wake sita kwa muda wa siku 8. Mawe yao ya makaburi yapo hadi leo nje ya kijiji, yakiwa yamezungukwa na ukuta mdogo wa mawe. Kasisi William Mompesson, ambaye mkewe Catherine alifariki mwezi huohuo, aliandika katika barua ya Novemba 1666 kwamba tauni ilizipiga familia 76 na kuua watu 259.

Kuhusu hiari, jibu langu ni ndiyo, lakini kwa tahadhari. Mompesson alikuwa mgeni kijijini, na wengi walimpenda zaidi kasisi aliyemtangulia, Thomas Stanley, ambaye alikataa kufuata sheria mpya ya ibada ya mwaka 1662. Naamini kwamba bila wawili hao kuweka tofauti zao kando mpango wa Juni 1666 usingefaulu: ibada zilihamishiwa kwenye bonde la Cucklet Delf ili watu wasisongamane kanisani, wafu walizikwa na jamaa zao karibu na nyumbani, na hakuna aliyetakiwa kuvuka mpaka. Vyakula viliachwa mpakani, vingine vikitoka kwa Mwinyi wa Devonshire aliyeishi Chatsworth, na sarafu za malipo zilitumbukizwa katika siki kwa imani kwamba ingeondoa maradhi. Hata hivyo, Mompesson alikuwa amewapeleka watoto wake mbali mapema, na baadhi ya wenye uwezo walikwisha kuondoka. Fukara hakuwa na pa kwenda, kwani parokia nyingine ingemfukuza kwa hofu ya tauni na kwa hofu ya kulazimika kumlisha. Kwa hiyo sifa ya Eyam isiishie kwa makasisi peke yao. Waliobeba mzigo mkubwa zaidi ni watu kama Elizabeth Hancock.

Anayetaka kuchunguza parokia nyingine ya Uingereza aanze na ofisi ya nyaraka ya kaunti husika, ambako daftari nyingi za kale huhifadhiwa. Za Derbyshire ziko Matlock.