Kabla hujanunua mtambo wa kuita zamu ya zimamoto

Nimefunga na kutengeneza kengele na redio za vituo vya zimamoto kwa miaka 16, vingi vyao huku pwani. Kila mwezi ananipigia mtu anayeanzisha kikosi cha faya kiwandani au bandarini, anataka kujua anunue mtambo gani. Kabla ya kumjibu humsimulia usiku mmoja.

Ilikuwa masika, yapata saa nane usiku, na umeme ulikatika tangu jioni. Kijana aliyekaa mezani kwenye kituo cha kiwanda kimoja alipokea simu ya mlinzi: ghala la katani linawaka. Akaandika kitabuni, akabonyeza kitufe cha kengele ya bwenini. Taa nyekundu mezani pake ikawaka, naye akajua zamu inashuka, akaendelea kumuuliza mlinzi upande gani unafikika. Dakika nne zikapita. Alipoona hasikii viatu kwenye ngazi, akakimbia juu na kuwakuta wote wamelala fofofo.

"Mzee, kengele hamjaisikia?"

"Kengele gani?"

Hakuna aliyeumia, lakini ghala liliteketea. Asubuhi niliitwa mimi. Nikaweka mita kwenye betri ya kengele, ikasoma volti 12.6, namba ya kumridhisha fundi yeyote. Nikabonyeza kitufe huku nikiitazama mita: ikaporomoka hadi 7, kengele ikakwaruza mara moja, kimya. Ile taa ya mezani iliungwa kwenye kitufe, si kwenye kengele. Ilimwambia kijana kwamba amebonyeza, basi. Yaliyotokea juu haikuyajua.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa muuzaji ni hili: anayeita atajuaje kwamba ameitikiwa? Bwenini pawe na kitufe cha kupokea. Kisipobonyezwa ndani ya sekunde chache, mtambo upige kelele mezani na kuita tena kwa njia nyingine bila kusubiri mtu akumbuke. Kiwango namba 1710 cha NFPA, shirika la Marekani linaloandika viwango vya kukinga na kuzima moto, kinaipa zamu sekunde 80 tangu iitwe kwenye moto hadi gari lianze safari. Dakika zetu nne ni mara tatu ya hizo, na gari lilikuwa bado halijawashwa.

Njia ya pili iwe ya pili kweli. Nimewahi kuonyeshwa kwa fahari laini mbili za mawasiliano, kumbe zote zinapita bomba moja chini ya ardhi. Siku kijiko kilipochimba mtaro, zilikatika kwa pigo moja. Kama ya kwanza ni waya, ya pili iwe redio yenye betri yake. Na kama redio zenu zinategemea ripita ya mlimani, yaani mtambo unaopokea sauti na kuirusha tena mbali, wekeni chaneli ya kuongea moja kwa moja, na kila askari ajue kuihamia gizani. Kundi la WhatsApp linafaa kwa taarifa za mazoezi. Kuitia watu kwenye moto hapana: bando huisha, na simu hulala kimya chini ya mto.

Betri ndiyo inayonikosesha usingizi. Usiipime ikiwa imepumzika. Ipime huku kengele inalia na umeme wa gridi umezimwa. Umri unaoandikwa kwenye betri za madini ya risasi zilizozibwa kwa kawaida huhesabiwa kwa nyuzi joto 20 au 25, na kila nyuzi 10 zikizidi, umri hupungua karibu nusu. Sasa fikiria kisanduku kilichobanwa nyuma ya jenereta Tanga au Mtwara. Mimi huandika tarehe ya kufungwa kwa wino mzito ubavuni mwa betri, na ikifika muda naitoa hata kama bado inaonekana nzima. Chumvi ya bahari nayo hula ncha za nyaya hadi ziwe kijani, kwa hiyo nataka kisanduku chenye mpira wa kuziba na grisi kwenye viungo.

Mji wa Boston ulianza kutangaza moto kwa telegrafu mwaka 1852. Mitambo ya ukoo huo iliyofuata ilipitisha mkondo mdogo kwenye waya usiku na mchana, na waya ukikatika mkondo ulikufa na hitilafu ikajulikana papo hapo. Hadi leo naona aibu nikikuta mtambo mpya wa bei kubwa unaoharibika kimyakimya.

Jaribio lifanyike kila zamu zinapopokezana, kuanzia mezani hadi kengele ya juu, si kwa kubonyeza kitufe kilicho kwenye kengele yenyewe. Aliyeisikia aandike jina lake kitabuni. Na siku ya kununua, mwombe muuzaji achomoe waya wa umeme mbele yako kisha aite. Muulize fuse na betri za akiba ziko mji gani, na Jumapili atakuja nani.

Kile kituo sasa kina taa mbili mezani. Nyekundu huwaka ukibonyeza, ya kijani huwaka mtu wa juu akipokea. Yule kijana siku hizi ni mkuu wa zamu. Nilipopita mwezi uliopita alikuwa anamfundisha mgeni, mkono mmoja umeshika simu, macho hayabanduki kwenye taa ya kijani.