Nilidhani wote wametumbuliwa

Mmeuliza wiki hii: neno gani la Kiingereza ulilitumia vibaya bila kujua? Langu ni "gutted". Waingereza hulitamka kama "gatidi".

Nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la samaki huko Leicester, kupaa magamba na kutoa matumbo, kwa hiyo maana yake ya kwanza naijua kwa mikono. Samaki ukishamtumbua, basi huyo ni "gutted". Hata nyumba iliyoungua ndani ikabaki kuta tupu huitwa hivyo hivyo.

Sasa Jumatatu, Julai 12, 2021, naingia kazini nakuta kila mtu anasema yeye ni "gutted". Kwa masikio yangu ya Kitanzania, mtu akitumbuliwa amefukuzwa kazi! Nikajiuliza, duka linafungwa? Kumbe ni mpira. Usiku wa kuamkia siku hiyo England walikuwa wamepoteza fainali ya Euro kwa Italia pale Wembley, sare ya 1-1 halafu penalti 3-2. Na walianza kufunga wao, dakika ya 2 tu, Luke Shaw. Hiyo dakika ya 2 ndiyo iliyowamaliza, maana neno hili linataka uwe umeshaanza kutumaini. Kufungwa na timu uliyojua itakufunga hakukufanyi kuwa "gutted".

Kamusi zitakwambia ni kuvunjika moyo. Mimi naona kunyong'onyea ndiko kunakokaribia zaidi, ule mwili kuisha nguvu kama samaki changu asiye na kitu tumboni. Kukatika maini nako kumo, ila hapo mara nyingi kuna mtu aliyekukata kwa maneno, na "gutted" haihitaji mbaya wako. Mvua ikiharibu sherehe, tiketi zikiisha ukiwa wa tatu kwenye foleni, inatosha. Wamarekani kwa mambo kama hayo husema "bummer", lakini hilo ni jepesi, mtu hulisema huku anatafuna.

Kosa langu lilikuja baadaye. Mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake, tukapitisha kadi ya rambirambi. Nami, kwa kujiona nimeshaiva, nikaandika kwamba nipo "gutted" sana. Mama wa kaunta aliisoma, akanitazama, hakusema neno. Alivua aproni, akavuka barabara, akarudi na kadi mpya na kalamu.