Nimtumie pesa ya mtoto wa mbwa mtu nisiyemjua?

SWALI: Shikamoo daktari. Naishi Ipuli, Tabora, nafuga kuku na nahitaji mbwa wa ulinzi. Mwaka jana nilinunua mtoto wa German Shepherd. Siku ya tano tangu nimlete nyumbani akaanza kutapika na kuharisha damu, na haikupita muda akafa. Muuzaji akasema nimemlisha vibaya. Sasa nimepata mwingine mtandaoni, yuko Dar es Salaam. Anasema watoto wana wiki tano, wameshapata chanjo zote, nitume nusu ya pesa kwa simu naye atampandisha kwenye basi. Nitajuaje kama ni mfugaji wa kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Nianze na yule aliyekufa, maana kifo chake kinagusa sehemu kubwa ya swali lako.

Sikumpima, lakini dalili ulizoeleza ni za parvo, kirusi kinachoshambulia utumbo wa mbwa wadogo. Tangu kirusi kiingie mwilini mpaka mbwa aanze kuumwa, mara nyingi hupita siku tatu hadi saba, pengine hata wiki mbili. Wako alianza siku ya tano. Kwa hiyo inawezekana kabisa alitoka kwa muuzaji akiwa nacho tayari, au alikipata njiani. Ugali na dagaa havileti parvo. Mfugaji anayejali mbwa wake angekuuliza dalili zote, angewachunguza ndugu wa mtoto yule waliobaki, na angewapigia simu wengine walionunua. Huyo alikimbilia kukulaumu.

Sasa huyu wa Dar. Mtoto wa wiki tano hawezi kuwa amemaliza chanjo. Maziwa ya kwanza ya mama humpa kinga, na kinga hiyohiyo huizuia chanjo isifanye kazi ikichomwa mapema. Ndiyo maana chanjo ya parvo na distempa (ugonjwa mwingine hatari wa virusi vya mbwa) huanza wiki ya sita hadi ya nane, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne, na dozi ya mwisho hutolewa akishafikisha wiki 16. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huchomwa akiwa na miezi mitatu. Anayekwambia "zote" wiki ya tano ama hajui, ama anajua na anakudanganya.

Omba akupigie picha kadi ya chanjo, uisome taratibu. Kadi nzuri ina stika iliyobanduliwa kwenye kichupa cha chanjo, yenye jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Pembeni kuna tarehe aliyochomwa, saini na muhuri wa daktari wa mifugo. Ukiona tarehe zote zimeandikwa kwa peni moja, mwandiko mmoja, bila stika hata moja, mpigie daktari aliyetajwa umuulize. Chanjo hizi hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo hata iliyochomwa kweli, kama ilishinda juani kwenye mfuko wa Rambo, haina faida.

Na wiki tano ni mapema mno kumtenganisha na mama. Ndani ya wiki nane za mwanzo, mama na ndugu zake ndio wanaomfundisha kiasi cha kung'ata: aking'ata kwa nguvu, mwenzake analia na mchezo unakatika. Mbwa wa ulinzi aliyelikosa somo hilo ni hatari kwa watoto wa nyumbani kwako.

Ukienda kwa mfugaji, ukiwa mwenyewe au ndugu yako aliyeko huko, usianze na watoto. Karibu wote wanapendeza. Mwombe akuonyeshe mama yao, pale wanapolala. Mama anayenyonyesha atakonda kiasi, hilo ni la kawaida, lakini asiwe mifupa mitupu, asiwe na kupe masikioni wala katikati ya vidole. Muulize ana umri gani na amezaa lini mara ya mwisho. Jike apandishwe akishakomaa, karibu miaka miwili, na apumzike kati ya mzao na mzao. Anayepandishwa kila akiingia joto anatumika kama mashine. Ukiambiwa mama "yuko kwa shangazi" au "alikufa", ondoka.

Kisha muulize baba ni nani. German Shepherd hurithi ugonjwa wa nyonga, ambapo kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye kikombe chake, na mbwa huja kulemaa. Eksirei ya kuthibitisha haipatikani kirahisi kwetu huku, wengine huwapeleka mpaka hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Walau watazame wazazi wakiinuka na kukimbia. Anayeinuka kwa shida, au anayerusha miguu ya nyuma yote miwili kwa pamoja, usichukue mtoto wake. Na kama dume lilelile limepandishwa kwa binti yake, usinunue.

Mfugaji mzuri naye atakuhoji: una ukuta, mbwa atalala wapi, nani atamlisha ukisafiri? Usiudhike. Mimi humwogopa zaidi anayeuliza tu utatuma lini.

Pesa usitume kwanza. Mwombe akupigie simu ya video akiwa na mama na watoto, alitaje jina lako mkiwa mnaonana, maana picha yoyote inaweza kuwa imeibwa. Ukilipa, lipa ukishamwona mbwa. Wala usikubali mtoto mdogo asafiri zaidi ya kilomita 800 kwenye buti la basi, ana kiu na joto, wala hana wa kumwangalia.

Lakini hata ukimpata mfugaji mwema, usichukue mtoto wa wiki nane. Kirusi cha parvo hukaa ardhini mwaka na zaidi, hasa kivulini, na uani kwako kuna mbwa aliyehara damu mwaka jana tu. Sakafu ya saruji ioshe kwa sabuni, kisha mwagia jiki iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa thelathini, uiache dakika kumi. Udongo hautakatiki hivyo. Mwombe mfugaji akukuzie mtoto mpaka amalize chanjo, zipite wiki mbili baada ya dozi ya mwisho, nawe umlipe gharama ya chakula na dawa. Kama Tabora au Mwanza kuna daktari anayechanja mizao ya mfugaji fulani, anzia kwa daktari huyo, atakwambia ni nani anayeleta watoto kwa wakati.