Kabla hujanunua, tunga ubeti: jibu kwa mleta mada anayeishi peke yake

Mleta mada, nimelisoma swali lako mpaka mwisho. Umesema umehamia chumba na sebule, unaishi peke yako kwa mara ya kwanza, mshahara si haba ila kila mwisho wa mwezi hujui umekwenda wapi, na sasa unawaza kukopa uchukue runinga ya inchi 43 "ili nyumba isiwe kimya". Wakuu wengi wamekushauri uoe. Wengine wamekushauri uandike bajeti. La kuoa siligusi, lina uzi wake. La bajeti ni jema, na mimi ninayo daftarini, lakini bajeti inakuonyesha kiasi tu. Haikuambii kwa nini saa nne usiku, umeshakula, umeshaoga, mkono umekwenda tena kwenye simu kutafuta kitu cha kununua.

Mimi ni dada, naishi peke yangu Tabata, Dar, na nimeizoea hali hiyo kiasi kwamba naipenda. Kilichonisaidia ni ushairi. Kanuni yangu ni hii: kitu chochote ambacho si chakula, nauli, kodi, luku (umeme wa kulipia kabla) wala dawa, sikinunui mpaka nimekitungia ubeti. Na ubeti nauandika kwa vina na mizani kama tulivyofundishwa shuleni. Maneno matamu ya kuweka kwenye status hayahesabiki. Ubeti ukikubali na kitu bado nakitaka, nanunua kwa moyo mweupe. Ubeti ukinigeuka, naondoka.

Utauliza ushairi na matumizi vinakutana wapi. Vinakutana kwenye kuhesabu. Mshororo (mstari) wa kawaida una mizani 16, yaani silabi 16, nane ukwapi (kipande cha kwanza) na nane utao (kipande cha pili), na kila kipande huishia na kina chake, silabi ya mwisho inayofanana na ya mishororo mingine. Huwezi kuupata kwa pupa. Unatafuta neno la silabi tatu linaloishia na "ni", hulipati, unajaribu jingine, na huku unatafuta unalazimika kukitazama hicho kitu chenyewe: kitakaa wapi, kitatumika lini, na nani. Babu yangu mzaa mama, mtu wa Pangani, hata salamu za barua alizitia vina. Kizazi chake kilikua kikisoma mashairi ya wasomaji kwenye magazeti. Mambo Leo, lililoanza kutoka 1923, lilikuwa likiyachapa, na watu walijibizana humo kwa beti juu ya mambo ya kila siku, si ya dini na mapenzi peke yake. Kwa hiyo shairi kuhusu bei ya kitu si utovu wa heshima kwa fani. Ni kulirudisha sokoni, mahali ambapo watu wa pwani walishalizoea.

Nikupe mfano. Kuna siku nilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kwenye duka la vyombo vya umeme. Kulikuwa na blenda nyekundu yenye jagi la kioo. Muuzaji, kijana mchangamfu, akaiwasha ikavuma, akaniambia, "Dada yangu, hii unatengeneza juisi, unasaga vitunguu, unasaga hata barafu." Nikasimama pale pembeni ya kaunta nahesabu mizani kwa vidole, kidole gumba kinagusa kimoja baada ya kingine, midomo inacheza. Yule kijana akadhani napiga hesabu ya bei. Akashusha. Nikaendelea kuhesabu, akashusha tena, akasema, "Basi dada, toa ya mwisho uliyonayo." Wakati huo ubeti ukawa umekamilika:

Blenda yang'ara dukani, moyo wote wazubaa,
Kwangu ni chungwa mezani, kisu kidogo chafaa,
Ngoja papo kabatini, mwenye wana atatwaa.

Nikamsomea. Akacheka kwa sauti, akamwita mwenzake wa duka la pili aje asikie, akaniomba nirudie mshororo wa kati. Tukaagana vizuri. Angalia ubeti ulichofanya: blenda haikutukanwa. Ni kitu kizuri, kinamfaa mwenye watoto wanaotaka juisi asubuhi. Mimi nakula chungwa moja, nalimenya mwenyewe, na kumenya kwenyewe ni sehemu ya utamu wake. Bila kulitafuta neno la kuishia na "aa" nisingefika kwenye kile kisu kidogo. Kina kilinipeleka huko.

Sasa kuhusu vyakula, maana na hilo umeligusa, kwamba unanunua kwa jumla ili "kuokoa" halafu nusu unatupa. Hapa nina msimamo mkali kidogo. Tumelelewa kwenye familia za watu wengi, na ununuzi tulioujua ni wa familia: kiroba cha unga, dumu la mafuta, tenga la nyanya. Ukihamia peke yako unabeba hesabu ya nyumba ya mama yako kwenda chumba cha mtu mmoja. Kwa kilo moja moja, kweli kwa Mangi, duka la mtaani, bei iko juu kuliko ukinunua mfuko mzima. Lakini bei ya kilo ina maana kwa kilo utakayoila, na ile iliyoingia wadudu umeilipia vilevile. Kwa joto na unyevu wa Dar mkate mzima unaota ukungu kabla mtu mmoja hajaumaliza, na unga wa sembe ukikaa sana unatembea wenyewe. Nenda gengeni, chukua fungu moja la nyanya na kitunguu kimoja. Mafuta ya kupima si aibu. Mchele na maharage ni habari nyingine, vinavumilia, hivyo nunua vya kutosha na uvifunike vizuri. Gesi, mtungi wa kilo 6 unamtosha mpishi mmoja na unaubeba mwenyewe hadi dukani. Na nenda na kikapu chako, maana tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 1 Juni 2019, asiye na kikapu ananunua mfuko kila safari, na kabati linajaa mifuko.

Hili nalo lina ubeti wake, wa mtindo wa utenzi, mizani nane kila mshororo. Nimeubandika ndani ya mlango wa kabati la jikoni:

Robo kilo ya sukari,
Wiki nzima iko shwari,
Kiroba kwangu hatari,
Sisimizi wahamia.

Nikienda dukani na kukuta kiroba kiko kwenye ofa, sisimizi wananijia kichwani kwa vina, na nafsi inatulia. Bajeti haijawahi kunifanyia hivyo. Tarakimu nazisahau kabla sijafika kituoni, lakini kitu kilichofungwa kwa vina kinakaa, na ndiyo maana hata watoto wadogo wanakariri mashairi kabla hawajajua kujumlisha.

Jambo zito zaidi ni usiku. Zamani, ukitaka kununua kitu, ilibidi uvae, upande daladala, ukafike dukani likiwa wazi. Njia nzima ilikuwa nafasi ya kughairi. Tangu M-Pesa iingie Tanzania 2008 na mitandao mingine kufuata, duka limehamia kitandani. Umejilaza, taa imezimwa, unaona raba, unaona pochi, unaandika "bado ipo?", unajibiwa papo hapo, "ipo dear, delivery bure". Nami nakuomba uliangalie hilo jibu kwa makini, mleta mada. Usiku ule hakuna mtu mwingine aliyekujibu haraka namna hiyo. Muuzaji amekuita jina zuri, amekuuliza uko wapi, amekwambia boda atafika kesho. Ni mazungumzo. Nina hakika kabisa, kwa nilivyojiangalia mimi na rafiki zangu wanaoishi peke yao, kwamba sehemu kubwa ya ununuzi wa usiku ni mtu anayetafuta kuzungumzishwa. Simlaumu yeyote kwa hilo, wala muuzaji simlaumu, anatafuta riziki. Ila raba zikifika, mazungumzo yamekwisha, na usiku unaofuata unatafuta mengine.

Ubeti wa usiku wangu ni huu:

Saa tano ya usiku, simu inapiga debe,
Pesa yangu ni ya luku, raba mwingine abebe,
Taa iwake, na kuku, apikwe nipate shibe.

Na nikishautunga siuachi pale. Namtumia dada yangu aliyeko Morogoro. Yeye hulala usiku sana, naye ananijibu kwa ubeti wake, mara nyingi wa kunichokoza, wakati mwingine umevunjika mizani na ninamrudishia kwamba mshororo wa pili umepungua moja. Basi hapo tumezungumza. Kile nilichokuwa nakitafuta dukani nimekipata, tena kwa bando lilelile, na raba sikumbuki tena zilikuwa za rangi gani.

Usidhani ubeti kazi yake ni kukataza tu. Ulinifanya ninunue pia. Nilikuwa na sahani moja. Nikaona seti ya vyombo vya watu sita, na mabakuli ya supu na vibirika, nikajaribu kuitungia, haikutoka kitu kwa muda mrefu. Sikuwa na watu sita, kwa hiyo maneno hayakuwa na pa kushika. Kisha nikajiuliza ni nani hasa ningependa ale hapa. Jibu lilikuwa mtu mmoja: jirani yangu wa mlango wa pili, muuguzi anayeingia zamu za usiku, ambaye asubuhi tunapishana kwenye ngazi yeye anarudi mimi natoka, "za kazi", "nzuri", basi. Hapo ubeti ukaja bila kusukumwa:

Sahani nimeongeza,
Mgeni nikamuwaza,
Chakula nimekijaza,
Jirani njoo, ingia.

Nikanunua sahani moja, ya udongo, yenye maua ya buluu pembeni. Jumapili akiwa hana zamu nikagonga mlangoni kwake. Alikuja na kachumbari ndani ya bakuli lake mwenyewe, tukala wali wa nazi na dagaa, akanisimulia habari za kijijini kwao mpaka alasiri. Sasa huwa anakuja. Sahani ile imenigharimu kidogo kuliko kitu chochote kilichomo humu ndani, na ndicho ninachokitumia kwa furaha kuliko vyote.

Lakini nisikufanye udhani kimya ni ugonjwa wa kutibiwa kwa wageni. Mimi kimya cha Jumamosi asubuhi nakililia. Nafua, naanika, narudi ndani, chai iko mezani, hakuna anayeniita. Mizani haihesabiki kwenye kelele, jaribu uone, mtu akiongea pembeni unapoteza silabi ya tano na unaanza upya. Kwa hiyo kuishi peke yako kumekupa kitu ambacho wenye nyumba zilizojaa wanakitafuta kwa tochi. Kabla hujakijaza kwa inchi 43, kikalie kwanza. Kuna jioni zitakuuma, sitakudanganya, hasa za sikukuu. Jioni hizo piga simu, gonga mlango wa mtu. Nyingine ziache zipite kimyakimya.

Ukitaka kuanza, anza na utenzi, ni mwepesi: mishororo minne, mizani nane nane, mitatu ya kwanza ifanane kina na wa nne uwe na kina ambacho utakirudia kila ubeti. Hesabu kwa vidole. Kumbuka "m" ya "mtu" ni mizani kamili, ila "mb" ya "mbuzi" inakwenda pamoja na irabu yake. Usitafute maneno makubwa ya kamusi. Taja kitu kwa jina lake, taja kitakaa wapi nyumbani kwako, taja nani mwingine atakigusa. Ukishindwa hapo kwenye "nani", simama, usitoe pesa siku hiyo.

Na kuhusu hiyo runinga, mimi siwezi kukuamulia. Huenda unapenda mpira kwelikweli na una marafiki watakaokuja kuangalia mechi kwako, basi hiyo ni runinga yenye watu na ubeti wake utatoka vizuri. Ila kwa hoja uliyoileta, ya kuondoa kimya, nakutupia huu, na nakuomba unijibu kwa ubeti, mizani nane, kina cha mwisho "ia", kabla hujasaini fomu ya mkopo:

Runinga ya kutazama,
Ukutani yasimama,
Nani nawe atasema,
Umeme ukikimbia?