Mkrismasi wangu umepukutika, ndo umekufa?

SWALI: Shikamoo shangazi, mkrismasi wangu hapa Tanga tangu mwezi wa nane umepukutisha majani yote, yamebaki yale maganda meusi tu yanagongana upepo ukivuma, mume wangu anataka aukate, kweli umekufa?

JIBU: Marahaba mwanangu, mwambie baba watoto aweke panga chini! Mti huo asili yake Madagaska, kiangazi unajivua majani usipoteze maji. Kwaruza gome la kijitawi kwa kucha, ukiona kijani basi mzima. Subiri vuli, Novemba Desemba utawaka maua mekundu mpaka majirani waje kupiga selfi, na wale ndege wadogo waitwao chozi nao watakuja kufyonza nekta. Mie wangu natandika mkeka chini yake, ila kumbikumbi wakitoka jioni nazima taa nakimbilia ndani.