Who, which au that? Maswali yenu kuhusu virejeshi vya Kiingereza

Barua nyingi zilizofika katika safu hii zinahusu virejeshi vya Kiingereza, yaani maneno "who", "whom", "whose", "which" na "that", ambayo kazi yake katika Kiswahili hufanywa na "amba-" au na viambishi vinavyokaa ndani ya kitenzi, kama "-ye-", "-cho-" na "-po-". Nimechagua maswali yanayowagusa wengi. Msomaji atakayefuatilia majibu ataona kwamba yote yanamrudisha kwenye mambo mawili ya kuchunguza kabla ya kuchagua: kirejeshi kinamrejelea nani au nini, na kinafanya kazi gani ndani ya kishazi chake chenyewe.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Tanga. Nilikatwa alama kwa kuandika "The book which I bought it is lost." Kwa Kiswahili tunasema "kitabu nilichokinunua kimepotea" na hakuna anayelalamika. Kosa langu ni lipi?

Marahaba, mwanangu. Umejijibu nusu bila kujua, kwa sababu chanzo cha kosa kimo katika mfano wako wa Kiswahili. Tazama kitenzi "nilichokinunua": ndani yake mna "-cho-", ambayo ni kirejeshi, na mna "-ki-", ambayo ni kiambishi cha yambwa, yaani cha kitu kinachotendwa, na vyote viwili vinakirejelea kitabu kilekile. Kiswahili kinaruhusu viwili hivyo kukaa pamoja. Kiingereza hakiruhusu, kwani neno "which" limekwisha kuchukua nafasi ya yambwa ya kitenzi "bought", na kiti kimoja hakikaliwi na watu wawili. Ukiongeza "it", umekipa kitenzi yambwa mbili za kitu kimoja. Sentensi sahihi ni "The book which I bought is lost."

Kosa hilohilo hujitokeza kwa nguvu zaidi panapokuwa na kihusishi, kama "with", "in" au "to". Kiswahili kinatulazimisha kusema "rafiki niliyesafiri naye". Ukiiacha "naye", sentensi haijakamilika. Ndiyo maana wanafunzi wetu huandika "the friend whom I travelled with him", wakidhani kwamba bila "him" watakuwa wameacha pengo. Pengo hilo ndilo linalotakiwa: "the friend whom I travelled with", au kwa mtindo rasmi zaidi, "the friend with whom I travelled". Kihusishi kinabaki, ila kiwakilishi kinaondoka. Kabla ya kukabidhi insha yako, pitia kila kishazi chenye kirejeshi na uangalie kama mna "it", "him", "her" au "them" inayorejelea nomino ileile, ukiikuta, ifute.

Naona waandishi wengi wa Kiingereza huandika "the book I bought" bila kirejeshi chochote. Je, ni sahihi, au ni uvivu?

Ni sahihi kabisa, hata katika maandishi rasmi, mradi kirejeshi kilichoachwa si kiima cha kishazi na kishazi chenyewe hakijatengwa kwa mikato. Katika "the book I bought", kiima ni "I", na kirejeshi kilichoachwa ni yambwa. Lakini huwezi kuandika "The man sold me the book has travelled", kwa sababu hapo kirejeshi ndicho kinachotenda, na bila "who" msomaji hudhani kwamba sentensi imekwisha kwenye neno "book".

Kwa nini nisiandike "the dog who bit the child"? Mbwa ana uhai, na Kiswahili kinasema "mbwa aliyemng'ata mtoto".

Hapa lugha zetu mbili zimegawanya ulimwengu kwa mipaka tofauti. Kiswahili huwaweka wanyama pamoja na watu kwa kuzingatia uhai, hata sisimizi anapewa "aliye". Kiingereza huuliza kama ni mtu. Kwa hiyo mbwa wa mtaani, ng'ombe na samaki hupewa "which" au "that": "the dog that bit the child". Mnyama aliyepewa jina, anayeishi na watu nyumbani, huweza kupewa "who", na utaliona hilo mara nyingi katika hadithi za watoto. Katika mtihani au ripoti, shika "that" au "which".

Niongeze kwamba "that" hutumika kwa watu pia. "The woman that sells fish" si kosa, ingawa katika maandishi rasmi wengi hupendelea "who".

Mimi ni mwanakwaya. Biblia ya zamani ya Kiingereza inasema "Our Father which art in heaven". Inawezekanaje Mungu arejelewe kwa "which"?

Maneno hayo yamo katika Mathayo 6:9, katika tafsiri ya Mfalme James iliyochapishwa mwaka 1611. Wakati huo "which" ilitumika kwa watu na kwa vitu bila ubaguzi, na haikuwa dalili ya kukosa heshima. Matumizi hayo yalififia baadaye, na leo wengi husali "who art in heaven" au "who are in heaven".

Mwanakwaya akiangalia vizuri ataona jambo jingine zuri katika sentensi hiyo. Kitenzi "art" ni cha nafsi ya pili umoja, kile kinachoambatana na "thou", yaani "wewe" ya Kiingereza cha zamani, kwa sababu anayesali anamsemesha Baba moja kwa moja. Sala ya Kiswahili nayo inafanya vivyo hivyo: tunasema "uliye mbinguni", kwa "u-" ya anayeambiwa, wala hatusemi "aliye". Katika lugha zote mbili, kitenzi kinachofuata kirejeshi hufuata nafsi ya yule anayerejelewa.

Mimi ni karani ofisini, Nairobi. Kila ninapoandika "which" katika ripoti, programu ya kusahihisha maandishi hupiga mstari chini yake na kunitaka niandike "that". Je, kuna sheria?

Kuna tofauti kubwa ya maana ambayo ni lazima uijue, na kuna desturi juu yake ambayo inafuatwa na baadhi tu. Tuanze na maana.

Chukua tangazo la mwenye nyumba: "The tenants who have not paid the rent must leave by Friday." Kishazi "who have not paid the rent" kinabainisha ni wapangaji wapi, waliolipa hawahusiki, na wanaweza kulala usingizi. Sasa weka mikato miwili: "The tenants, who have not paid the rent, must leave by Friday." Maana imegeuka. Tangazo sasa linasema kwamba wapangaji wote hawajalipa, na wote wahame. Kishazi kimekuwa maelezo ya ziada tu. Familia ambayo imelipa na risiti inayo imefukuzwa kwa mikato miwili. Vivyo hivyo, "my brother who lives in Mombasa" ni mmoja kati ya ndugu kadhaa, ilhali "my brother, who lives in Mombasa," anaeleweka kuwa ndugu pekee. Kiswahili chetu, "ndugu yangu anayeishi Mombasa", hubeba maana zote mbili na kumwachia msikilizaji aamue kutokana na anavyoijua familia, na ndiyo sababu tunauchukulia mkato kama pambo. Katika Kiingereza kilichoandikwa, mkato huo ni sehemu ya maana, na mwandishi wa mikataba au matangazo anayeudharau anawaumiza watu.

Sasa tuje kwenye mstari unaopigwa na programu yako. Kwa vitu, kishazi cha maelezo ya ziada, chenye mikato, huchukua "which" peke yake. Kwa Kiingereza cha leo usiandike "that" baada ya mkato wa aina hiyo. Hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye kishazi kinachobainisha, kisicho na mkato. Mwaka 1926 Mwingereza H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza, alipendekeza kwamba ingefaa "that" iachiwe kazi ya kubainisha na "which" kazi ya maelezo ya ziada, huku akikiri kwamba waandishi wengi hawakuwa wakifanya hivyo. Pendekezo hilo lilikubalika zaidi Marekani, ambako wahariri wengi wanalifuata kama sheria. Uingereza, "which" bila mkato imeendelea kuandikwa pasipo aibu. Hata Marekani kwenyewe, Rais Franklin Roosevelt alipolihutubia Bunge tarehe 8 Desemba 1941, siku moja baada ya Wajapani kuishambulia kambi ya jeshi la majini la Marekani huko Pearl Harbor, aliiita siku ya shambulio "a date which will live in infamy", na hakuna aliyeshindwa kumwelewa.

Ushauri wangu kwako ni huu: ukiandikia taasisi ya Kimarekani, fuata programu. Ukiandikia ofisi za kwetu, ambazo kwa kawaida hufuata Kiingereza cha Uingereza, uko huru, lakini mikato uipange kwa uangalifu uleule. Kumbuka pia kwamba "that" haifuati kihusishi: andika "the office in which I work" au "the office that I work in", kamwe si "the office in that I work".

Je, "whom" imekufa? Na kama bado iko hai, gazeti lilikosea kuandika "the candidate whom we believe will win"?

Katika mazungumzo inatumika kwa nadra, ila katika maandishi rasmi bado iko hai, na baada ya kihusishi haina mbadala: "the teacher to whom I wrote". Na ndiyo, gazeti lilikosea, kosa ambalo hufanywa zaidi na watu wanaojitahidi kuandika vizuri.

Kiswahili kinatupa kipimo kizuri kuliko vingi vinavyofundishwa darasani. Ukisema "aliyeniona", yule anayerejelewa ndiye mwenye "a-", yaani ndiye mtenda, na Kiingereza chake ni "who saw me". Ukisema "niliyemwona", anayerejelewa yumo katika "-mw-" ya yambwa, na Kiingereza chake rasmi ni "whom I saw". Sasa lipime gazeti. "Mgombea tunayemwamini" ina "-mw-", kwa hiyo "the candidate whom we trust" ni sahihi. Lakini "mgombea tunayeamini atashinda" haina "-mw-" katika "tunayeamini". Mgombea ametokea kama "a-" ya "atashinda". Yeye ndiye atakayeshinda, kwa hiyo ni kiima, na sentensi iwe "the candidate who we believe will win". Anayetaka kuhakikisha aondoe "we believe" na asome kilichobaki.

Ninawezaje kutafsiri "nyumba ambayo paa lake liliezuliwa na upepo"? Niliandika "the house which its roof was blown off".

Andika "the house whose roof was blown off". Neno "whose" huonyesha umiliki kwa watu na kwa vitu pia, na halihitaji "its" kulisaidia. Usilichanganye na "who's", ambalo ni kifupisho cha "who is" au "who has".

Zanzibar ni mahali, kwa nini basi "Zanzibar is a place where I want to visit" iwe kosa?

Kwa sababu "where" huchaguliwa kwa kazi yake ndani ya kishazi, hata kama nomino inayorejelewa ni mahali. Kitenzi "visit" hudai yambwa: mtu husema "I visit Zanzibar", hasemi "I visit in Zanzibar". Kwa hiyo ni "a place which I want to visit", au "a place I want to visit". Kitenzi "live" hudai kihusishi, "I live in Zanzibar", na hapo "where" inafaa: "the town where I live", ambayo ni sawa na "the town in which I live". Angalia usirudie kihusishi na kuandika "the town in which I live in".

"All what he said is true." Kuna tatizo?

Lipo. Neno "what" lenyewe tayari lina maana ya "kile ambacho", kwa hiyo halikai baada ya nomino wala baada ya "all" na "everything". Chagua "What he said is true" au "All that he said is true".

Ipi ni sahihi: "She is one of the teachers who teach Physics" au "who teaches Physics"?

Kiswahili kinakusaidia tena: tunasema "yeye ni mmoja wa walimu wanaofundisha Fizikia", kwa "wa-" ya wingi, kwa sababu wanaorejelewa ni walimu. Andika "who teach". Utaona "who teaches" katika maandishi ya watu wenye elimu kubwa, na si wote wanaoliita kosa, lakini "who teach" ndiyo inayokubaliana na maana. Hali hubadilika linapoongezwa neno "only": katika "She is the only one of the teachers who teaches Physics", anayefundisha ni yeye peke yake, na kitenzi hurudi kwenye umoja.